Acheni Haydn Atuchekeshe

Wengi wanaamini kwamba muziki wa klasiki wa Ulaya, hasa ule wa vikundi vidogo vya fidla, viola na selo, ni wa kusikilizwa huku umekunja ndita. Ukicheka ukumbini unatazamwa kana kwamba umecheka msibani. Imani hii ni potofu, na inawadhulumu watunzi wenyewe.

Mwaka 1781 Joseph Haydn alitunga kwarteti sita za opus 33. Ya pili inamalizika kwa mwendo wa mbio wenye kiitikio chepesi, kinachonasa sikioni papo hapo. Karibu na mwisho mbio zinakatizwa na sauti nzito za polepole. Kisha kiitikio kinarudi kikiwa kimekatwa vipande vinne. Kipande, kimya. Kipande, kimya. Baada ya cha nne unaona yamekwisha. Kimya kinarefuka kuliko vyote vilivyotangulia, viganja vinaanza kukutana, mara wapigaji wanaingia tena, kwa sauti ya chini kabisa, na kile kipande cha kwanza. Basi, hakuna zaidi. Kipande cha kufungulia ndicho kilichofunga.

Huo ni utani uliopimwa, na hauwezekani bila hadhira inayokosea pa kupigia makofi. Leo tumefundishwa kusubiri mpaka wanamuziki washushe pinde zao, kwa hiyo mtego haunasi mtu. Tunaiita adabu!

Nitaambiwa Haydn alikuwa na hulka ya ucheshi, lakini magwiji wengine hawakuwa na mchezo. Mozart je? Mwaka 1787 alitunga kazi ya pembe mbili na ala za nyuzi kuwakejeli watunzi wabovu, na mwishoni kila ala inashika ufunguo wake, vurugu tupu. Hata Beethoven, katika kwarteti yake ya opus 135 ya mwaka 1826, alitumia sauti alizokuwa amezitungia wimbo wa kumtania mtu aliyesitasita kulipa deni.

Kwa hiyo waandaaji waache kueleza utani wa Haydn kwenye programu kabla haujapigwa. Wapigaji nao wakishikilie kile kimya mpaka ukumbi uchokozeke. Na atakayepiga makofi mapema asikodolewe macho, maana ndiye aliyesikiliza kama Haydn alivyotaka.