Star Wars: Wingi wa kelele si wingi wa watu
Na Mwandishi Wetu

FILAMU ya Star Wars: The Last Jedi, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Desemba 15, 2017, iliacha swali ambalo watengenezaji wa filamu hawajalimaliza: maoni ya watazamaji yapimwe wapi?

Katika tovuti ya Rotten Tomatoes, asilimia 90 hivi ya wahakiki waliisifu kazi hiyo ya mwongozaji Rian Johnson. Kura za watazamaji hazikufika asilimia 50. Waliochukizwa walidai kuwa Luke Skywalker, shujaa wao tangu 1977, amegeuzwa mzee aliyekata tamaa na kujificha kisiwani.

Hata hivyo, kampuni ya CinemaScore, ambayo huwahoji watu wanapotoka ukumbini usiku wa kwanza, ilipewa nao alama ya A. Mapato nayo yalivuka dola bilioni 1.3 duniani.

Tofauti hiyo inaelezeka. Wakati huo Rotten Tomatoes ilipokea kura bila uthibitisho wa tiketi, utaratibu uliobadilishwa mwaka 2019. Mwenye hasira hujitokeza. Aliyeridhika hurudi nyumbani akalala. Baadhi ya hasira hizo ziligeuka matusi, na mwaka 2018 mwigizaji Kelly Marie Tran alifuta alichoandika Instagram.

The Rise of Skywalker ya 2019 ilitengua baadhi ya maamuzi ya Johnson, ikiwemo asili ya Rey. Waliotoka ukumbini waliipa B+, na mapato yakashuka hadi takriban dola bilioni 1.07.

Wenye hoja walistahili kusikilizwa. Kabla ya kuwatii, ilipasa kwanza wahesabiwe.