Ini Jipya na Moyo wa Kulibeba

Mgonjwa anapopandikizwa ini, jamaa zake wote huuliza habari za ini: limekubali? Madaktari nao wana swali jingine, nalo huulizwa kabla kisu hakijashikwa: je, moyo wake utastahimili?

Sababu ni hii. Ini lililougua miaka mingi, kwa virusi au kwa pombe, hujaa makovu. Hali hiyo huitwa sirosisi. Mishipa ya damu ya mgonjwa wa namna hiyo hutanuka na kulegea, hivyo moyo husukuma damu bila taabu. Akiwa amelala kitandani, hata picha ya moyo yaweza kuonyesha moyo wenye nguvu, kumbe ni udhaifu uliofichwa na wepesi wa kazi. Siku ya upasuaji mambo hugeuka. Damu inapofunguliwa ipite katika ini jipya, damu baridi yenye potasiamu nyingi hurudi moyoni kwa ghafla. Shinikizo la damu laweza kuanguka na mapigo kuvurugika, hata moyo kusimama. Baadaye mishipa hukaza tena, na moyo hutwishwa mzigo ambao haukuuzoea.

Hapo ndipo kipimo cha damu kinapofaa. Troponini ni protini iliyomo katika misuli ya moyo. Misuli ikiumia, huvuja ikaingia katika damu. Vipimo vya siku hizi huikamata hata ikiwa nanogramu chache tu katika lita moja, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Uchunguzi umeonyesha kwamba wagonjwa wenye troponini nyingi kabla ya kupandikizwa ini hufa kwa wingi zaidi baadaye kuliko wenzao. Kipimo kingine ni BNP, homoni ambayo moyo huitoa unapoelemewa. Wataalamu wa Japani waliigundua mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, wakaipa jina la ubongo. Hata ilipodhihirika kwamba chimbuko lake kubwa ni moyo, jina halikubadilishwa.

Hata hivyo, MELD, hesabu ambayo Marekani imeitumia tangu 2002 kupanga foleni ya wanaongoja ini, haihesabu moyo. Hutumiwa kutabiri nani atakufa akingoja, si nani ataishi baada ya kisu.

Basi mwenye troponini nyingi anyimwe ini? Mimi sioni hivyo. Figo zikidhoofika troponini hupanda pia, na wagonjwa wengi wa ini wana figo dhaifu. Kumwondoa mtu katika foleni kwa tarakimu moja ni kumhukumu kwa shahidi mmoja. Afadhali apelekwe mapema kwa daktari wa moyo, mishipa ya moyo ichunguzwe na kipimo kirudiwe. Maana simu ya kumwita hospitali yaweza kulia usiku wowote, na ini lililotolewa kwa marehemu, likihifadhiwa katika barafu, husubiri saa chache tu.