Marejeo na Usahihi katika Insha za Wanachuo: Kosa Laanzia Wapi?

Kila muhula wakufunzi wa vyuo vya ualimu husahihisha insha na ripoti za utafiti za wanachuo, na kila muhula lalamiko huwa lile lile: pambizo hazilingani, aya hazina mpangilio, marejeo hayakutajwa, na makosa ya tahajia yamejaa kama magugu shambani. Kalamu nyekundu hupita, maksi hukatwa, na muhula unaofuata mambo hurudi pale pale. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kosa hili haianzii kwa mwanachuo. Inaanzia mbele ya darasa, kwetu sisi wakufunzi.

Tuanze na tukio lililotufundisha. Wakati mmoja tulisahihisha insha ya mwanachuo wa mwaka wa pili kuhusu mbinu shirikishi. Aya mbili nzima ziliandikwa kwa Kiswahili kilichopevuka kuliko chake, wala hazikuwa na alama za kunukuu wala jina la mwandishi. Tulimpa sifuri, tukamwita ajieleze. Alikuja na daftari lake la mwaka wa kwanza, akalifungua mbele yetu kwa adabu, akasema, "Mwalimu, hizi ni notisi ulizotusomea." Aya zilikuwa zile zile, neno kwa neno. Tulipozitafuta katika maandalio yetu ya zamani, tulikumbuka kwamba sisi nasi tulizinakili kutoka katika kitabu cha maktaba ambacho hatukuandika jina lake. Basi mwizi wa kwanza alikuwa nani? Sifuri ile tuliifuta, lakini aibu haikufutika.

Tunaamini kwamba wakufunzi wengi watajiona katika kioo hiki. Tunasoma notisi, wanachuo wanaandika, wala hatutaji zimetoka wapi. Katika mtihani, anayezirudisha kama zilivyo hupata maksi nyingi. Hivyo tunamzoesha kuamini kwamba maneno ya kitabuni hayana mwenyewe. Kisha, siku ya ripoti ya utafiti, twamtoza adhabu kwa kutenda tulichomfundisha. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wapo wanachuo wanaodhani kwamba kutaja marejeo ni desturi ya kigeni isiyo na maana kwetu. Sivyo. Katika elimu ya Hadithi za Mtume, iliyosomeshwa pwani yetu kwa karne nyingi, hadithi huambatana na isnadi, yaani mlolongo wa majina ya waliopokezana, na uzito wake hupimwa pia kwa uaminifu wa wapokezi hao. Shabaha ya marejeo inafanana na hiyo: msomaji aweze kurudi kwenye chemchemi na kuyapima maji yake.

Chukua mfano ulio karibu. Mwanachuo huandika "Nyerere (1967)" akaridhika. Lakini katika mwaka huo mmoja Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi, na Ujamaa Vijijini mwezi Septemba. Na kabla ya hapo, mwezi Februari, TANU ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha. Msomaji atafute wapi? Ndiyo maana huandikwa 1967a na 1967b, na ndiyo maana Azimio huwekwa chini ya jina la chama. Hali kadhalika, asemaye "kwa mujibu wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu" hana budi kutaja toleo, kwa kuwa lipo la 1981, la 2004 na la 2013, na maelezo ya neno huweza kubadilika kutoka toleo moja hadi jingine.

Kuhusu mpangilio wa maandishi, yafaa ieleweke kwamba kanuni hizi zilitungwa na watu kwa ajili ya kurahisisha kazi. Matbaa ya Chuo Kikuu cha Chicago ilitoa mwongozo wake mwaka 1906. Wanasaikolojia wa Marekani walichapisha wao, wa kurasa saba tu, mwaka 1929. Kila mtindo una njia yake, na hakuna ulio sheria ya mbinguni. Jambo la lazima ni kuchagua mmoja na kuufuata. Lakini utakuta katika chuo kimoja mkufunzi huyu adai tanbihi chini ya ukurasa, na yule adai jina na mwaka katika mabano. Mwanachuo afuate lipi?

Tatu ni kupitia kazi kabla ya kuikabidhi. Insha nyingi siku hizi hupigwa chapa katika maduka ya steshenari, na mwanachuo huzipokea na kuzileta bila kuzisoma. Kompyuta iliyowekewa Kiingereza huchora mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, hata mwandishi akaacha kuutazama. Dawa ni ya zamani: kuilaza kazi usiku mmoja, kisha kuisoma kwa sauti mbele ya mwenzako aliyeshika nakala. Asiyejizoesha hivyo atakwenda kufundisha, na darasa likiwa na watoto 60, kosa moja ubaoni huwa makosa 60 madaftarini.

Huenda tukaambiwa kwamba wanachuo ni wengi, vitabu ni haba na muda hautoshi. Ni kweli. Hata hivyo, tunayopendekeza hayana gharama kubwa: kila notisi itanguliwe na jina la mwandishi, kitabu, mwaka na ukurasa, kila chuo kiwe na mwongozo mmoja mfupi unaofuatwa na wakufunzi wote, na rasimu ya kwanza irudishwe kwa mwanachuo ikiwa na maelekezo, bila maksi.

Sisi tumekwisha anza na hilo la kwanza. Siku tulipoandika ubaoni jina la kitabu kabla ya notisi, mwanachuo mmoja alinyosha mkono akauliza kama kitabu hicho kimo katika maktaba. Katika miaka yetu yote ya kusomesha notisi, swali hilo hatukuwahi kuulizwa.