Kabla ya Gauni la Mama, Mpimeni Presha



Leo sizungumzii shela wala vitambaa, nazungumzia mama zetu. Sisi mafundi tunakutana nao kila msimu wa harusi. Binti anapimwa gauni, mama amekaa pembeni anajipepea. Amepanda ngazi chache tu na pumzi zimemkatika. Ukimuuliza atasema ni gesi, au uchovu wa shughuli. Rai yangu ni hii: mama anayekatika pumzi kwa kazi aliyoizoea apelekwe hospitali kabla ya harusi, asisubiri fungate liishe.

Moyo nao unalishwa na mishipa yake. Mafuta yakijijenga ndani, njia inakuwa nyembamba, na pengine inaziba kabisa. Sote tunajua habari ya kubanwa kifua. Lakini kwa wanawake mara nyingi huja na mengine: kukosa pumzi, kichefuchefu, uchovu usioeleweka, maumivu ya mgongo au taya. Hapo ndipo tunapokunywa tangawizi na kulala. Miguu nayo huziba, hasa kwa mwenye kisukari, na kidonda kidogo kikakataa kupona.

Mama zetu wanacheleweshwa na mambo mawili: hofu ya kisu na haya.

Tuanze na kisu. Januari 1964, huko Portland, Marekani, bibi wa miaka 82 aliambiwa mguu wake unaooza ukatwe. Akakataa. Daktari Charles Dotter akapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa uliobanwa, akaupanua, na bibi yule akabaki na mguu wake. Mwaka 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig akapanua mshipa wa moyo kwa puto dogo, mgonjwa akiwa macho. Maputo yake ya mwanzo aliyatengeneza kwenye meza ya jikoni. Sisi tulioanza na cherehani moja sebuleni tunamwelewa.

Anayeshona ataelewa kazi yenyewe upesi. Ni kama kupitisha lastiki kiunoni mwa sketi kwa pini. Waya mwembamba unatangulia, puto linafuata na kupanua, kisha huachwa kijiwavu kiitwacho stenti ili njia isijifunge tena. Pini ikikwama, fundi hubadilisha pini ngumu zaidi, au huingilia upande wa pili, au hupita kati ya kitambaa na bitana akatokea mbele. Kwa mshipa uliozibwa kabisa, madaktari bingwa hufanya hivyo hivyo. Hutumia waya wenye ncha ngumu, au huzunguka kwa vijishipa vya pembeni waifikie ziba kwa nyuma, au hupita kati ya tabaka za ukuta wa mshipa na kurudi njiani. Si mchezo, maana mshipa unaweza kutoboka. Ni kazi ya mwenye uzoefu.

Sasa haya. Wengi wamesikia mrija unaingizwa kwenye kinena, wakakataa. Lakini tangu miaka ya 1990 mapema madaktari wanazibua mishipa ya moyo kwa kupitia kifundo cha mkono, na leo ni jambo la kawaida. Ulizeni kama inawezekana kwa mama. Ombeni afunikwe vizuri na awepo muuguzi wa kike. Na ikilazimika kinena, dini yetu imeweka nafasi ya dharura, na Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu. Stara inalinda heshima yetu. Haikuwekwa ituue.

Hata hivyo, si kila ziba lazima izibuliwe. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa ambao hali yao imetulia, kuanza na dawa peke yake hakukuongeza vifo. Basi muulizeni daktari: kuzibua kutampunguzia mama maumivu, au dawa zinatosha? Shambulio la ghafla la moyo ni jambo jingine, pale kila dakika ina thamani. Na aliyewekewa stenti asiache dawa za kuzuia damu kuganda bila idhini ya daktari. Ramadhani ikikaribia, aulize kwanza habari ya kufunga na saa za kumeza vidonge.

Kwa sisi wa visiwani, huduma hii haiko ng'ambo tu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam.

Bibi harusi, kwenye daftari lako la bajeti umeandika ukumbi, sare na hina. Ongeza mstari mmoja: mama apimwe presha, sukari na moyo. Gauni lake tutalishona tu, inshaAllah.

Allah awape mama zetu afya na umri wenye kheri. Amin.