Tusitoe Alama Bila Sababu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme machache juu ya ile karatasi iliyobandikwa ukutani mwa bwalo, yenye majina ya sehemu za mchezo wa televisheni uitwao Star Trek na alama tulizozipa. Mimi ni mmoja wa walioiandika karatasi hiyo, kwa hiyo nikiilaumu najilaumu mwenyewe kwanza.

Kwa wasomaji wasiokaa nasi, yafaa nieleze. Kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni, umeme ukiwapo, mwalimu wetu wa fizikia hutuonyesha sehemu moja ya mchezo huo kwa kompyuta yake. Huku Bungu baridi na ukungu havimruhusu mtu kukaa nje usiku, basi bwalo hujaa. Mchezo ukiisha, katibu wa chama cha sayansi huzunguka na daftari, na kila mtu hutaja alama, moja mpaka kumi. Hesabu hupigwa, na Jumapili asubuhi wastani hubandikwa ukutani. Hapo ndipo ugomvi huanza, nao hudumu mpaka Jumatano. Wako wawili katika bweni letu ambao hawakusemezana siku tatu kwa ajili ya alama moja na nusu.

Mchezo wenyewe ni wa zamani sana. Ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ukakoma mwaka 1969, sehemu 79 kwa jumla. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa, wala haikuipata mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo babu zetu hawakuuona, nasi twaugombania leo kana kwamba umetoka jana. Unasimulia safari za merikebu ya angani iitwayo Enterprise, nahodha wake Kirk, msaidizi wake Spock mwenye masikio ya ncha, daktari wao McCoy, na yule dada wa mawasiliano, Uhura, ambaye kwa ajili yake bwalo zima hunyamaza.

Sisemi kwamba kutoa alama ni kosa. Wapenzi wa mchezo huu huko Marekani na kwingineko wamekuwa wakizipima sehemu zake kwa miaka karibu sitini, na mambo fulani wengi wao huafikiana. Aghalabu huweka juu kabisa sehemu ya mwaka 1967 iitwayo The City on the Edge of Forever, ambamo Kirk hurudi katika New York ya mwaka 1930, akampenda mwanamke mwema, kisha akalazimika kumwacha afe mbele ya macho yake, kwa sababu akiokoka, historia ya dunia itageuka na Wanazi watashinda vita. Na aghalabu huweka chini Spock's Brain ya mwaka 1968, ambamo wageni huiba ubongo wa Spock, naye huongozwa huku na huku kama gari la watoto.

Lakini watu hao hawakuishia kwenye alama. Shirika la televisheni la NBC lilipotaka kuufunga mchezo baada ya mwaka wake wa pili, wapenzi wake, wakiongozwa na Bjo Trimble na mumewe John, waliandika barua kwa maelfu. Tarehe 1 Machi 1968 shirika likatangaza hewani kwamba mchezo utaendelea. Kama wangalipeleka tarakimu tu, nani angalizisoma? Ni kweli kwamba sehemu ya kwanza ya mwaka wa tatu walioupata kwa ushindi wao ilikuwa hiyo hiyo Spock's Brain, nasi tulicheka sana mwalimu alipotuambia. Hata hivyo walijua walichokipigania na kwa nini.

Sasa tujitazame sisi. Usiku tulipoonyeshwa The Trouble with Tribbles, ile ya vinyama vya manyoya vinavyozaana na kumaliza nafaka ghalani, bwalo lilitoa tisa. Nilipouliza sababu, wengi walisema, "Imechekesha." Mmoja tu, anayesaidia kutunza stoo ya shule, alisema kitu. Alisema alipenda pale Kirk anapofungua ghala na vinyama vinamporomokea kichwani, kwa kuwa ndivyo ilivyo: mtu hukaa akijua ana akiba, kumbe ana wadudu, na siku ya kufungua ndiyo siku ya kujua. Alitoa nane, chini ya wenzake, lakini nane yake nilielewa ilikotoka.

Jambo lililonifanya nishike kalamu lilitokea tulipoonyeshwa The Changeling, ambayo Wamarekani waliiona mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1967. Naisimulia kwa ufupi. Merikebu inakutana na mtambo uitwao Nomad. Mtambo huu ulitumwa kutoka duniani kutafuta viumbe wengine. Njiani ukagongana na mtambo wa kigeni, akili zao zikachanganyika, na sasa kazi yake ni moja: kutafuta kila kilicho na kasoro na kukiangamiza. Unamsikia Uhura akiimba. Haufahamu kuimba ni nini. Basi unamchunguza akilini, na kwa kumchunguza unafuta yote aliyojifunza.

Baadaye twamwona Uhura amelala katika chumba cha wagonjwa, muuguzi akimfundisha kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Anafika kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya buluu, anashindwa, analitamka "bluui". Anakasirika, na katika hasira yake anatoa maneno ya Kiswahili! Muuguzi anamwambia kwa upole aseme kwa Kiingereza.

Bwalo lilipasuka. Watu walisimama juu ya mabenchi. Kiswahili chetu angani! Daftari lilipopita, mimi nilisema kumi, na wote walionifuata katika benchi langu walisema kumi. Jumapili karatasi ilionyesha tisa na nusu, juu ya The City on the Edge of Forever yenyewe.

Asubuhi hiyo nilikuwa bombani nikifua, na kando yangu alikuwa kijana wa Kidato cha Kwanza ambaye usiku alikaa benchi langu. Nikamwuliza kwa nini alitoa kumi. Akajibu, "Kaka, kwa sababu wewe ulisema kumi." Nikaona haya kidogo. Nikamwuliza yeye mwenyewe aonaje. Akaanza kujibu kwa Kiingereza, maana hudhani mambo ya chama sharti yawe hivyo, akakwama katika neno la tatu. Nikamwambia, "Sema Kiswahili, hapa ni bombani." Ndipo akasema: "Mimi sikuona cha kuchekesha. Yule dada amesahau kila kitu, labda na mama yake, nao wanasema baada ya wiki moja atarudi kazini. Hakuna aliyemlilia. Na pale aliposoma vibaya, ninyi mlicheka."

Wasomaji wa humu shuleni watakumbuka kwamba kijana huyo ndiye aliyesoma habari mbele ya paredi mwanzoni mwa muhula, akatamka neno moja visivyo, nasi tukacheka. Tangu siku ile hajasoma tena. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka, tena si kwa sauti ndogo.

Basi nilimwomba mwenyekiti wa chama tuijadili upya sehemu ile Jumamosi iliyofuata, kwa masharti mawili: kila atajaye alama ataje na sababu, na kila mtu aseme lugha aliyo nayo. Mwenyekiti alikubali. Nataka niwaelezeni yaliyosemwa, kwa sababu sijapata kusikia mjadala kama ule katika bwalo letu.

Wa kwanza alitoa nne. Alisema mtunzi amejipinga: kama elimu yote imefutwa, Kiswahili kimebakije? Kwani Kiswahili si elimu? Wa pili alisimama akatoa kumi kwa jambo lile lile. Alisema mtambo ulifuta ya shuleni, haukuweza kufuta ya nyumbani, na kwake huo ndio ukweli mkubwa katika mchezo mzima. Ndipo dada mmoja atokaye Handeni akawakatiza wote wawili. Alisema kwao nyumbani husema Kizigua, na Kiswahili chenyewe alikikuta shuleni. Angalifutwa yeye, kingebaki Kizigua. Wasambaa waliokuwamo wakapiga makofi. Sikujua la kumjibu, wala sijui hata leo, lakini tangu siku ile siwezi kuitazama sehemu hiyo kama nilivyoitazama kwanza.

Mwingine alitukumbusha kwamba jina la Uhura limetokana na neno letu uhuru. Nichelle Nichols, aliyecheza nafasi hiyo, alisimulia kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu cha Robert Ruark chenye jina hilo. Ati irabu ya mwisho iligeuzwa ili jina liwe la kike, ingawa Kiswahili hakina desturi hiyo. Mama huyo, aliyefariki mwaka 2022, alisimulia pia kwamba alitaka kuuacha mchezo, akakutana na Martin Luther King, naye akamsihi abaki kwa sababu ya watu weusi waliokuwa wakimtazama. Msemaji akauliza: mwanamke mwenye uzito huo, kwa nini katika sehemu hii apewe kazi ya kuimba na kusahau tu? Akatoa tano. Sikuafikiana naye, lakini sikuweza kumpuuza.

Mwalimu alisema mara moja tu. Alisema kwamba mwaka ule ule wa 1967 ndipo Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanzishwa hapa kwetu kwa sheria. Kwa hiyo huku nchi ilikuwa ikikijengea Kiswahili nyumba, na kule muuguzi alikuwa akimwomba Uhura akiweke kando. Kisha akakaa. Yeye hakutoa alama.

Wastani mpya ulikuwa saba. Nami nilitoa saba, na sababu yangu ni hii. Naipunguzia sehemu ile alama tatu kwa kuwa inaupita msiba wa Uhura kwa haraka, kama alivyosema kijana wa bombani. Naiachia saba kwa sababu ya Nomad. Mtambo ule ni hakimu anayetafuta kasoro, na akiiona, hufuta. Haulizi kitu kile ni nini, kinafaa nini, wala kwa nini kiko hivyo. Mwisho Kirk anauonyesha kwamba wenyewe umekosea, kwa maana ulimdhania yeye kuwa ndiye muumba wake, na kwa sheria yake wenyewe unajiangamiza. Nilipofika hapo katika kufikiri kwangu, niliwaona Nomad wengi katika bwalo letu. Kosa moja, sifuri. Neno moja baya kwenye paredi, kicheko.

Najua watakaosema mchezo ni mchezo tu, na alama za Jumamosi haziingii katika ripoti. Ni kweli. Lakini anayezoea kusema kumi kwa sababu jirani amesema kumi, atafanya vivyo hivyo siku ya kuchagua kiranja, na baadaye siku ya kuchagua diwani. Wako pia watakaosema nataka tukimbie Kiingereza. Sivyo. Masomo yetu mengi hufundishwa kwa Kiingereza, mtihani wetu huja kwa Kiingereza, na mtu asiyekijua hapa sekondari hupata taabu. Nisemalo ni kwamba kufikiri hakungoji mpaka Kiingereza kiive. Kijana yule alikuwa na sababu nzuri kuliko zetu sote usiku ule. Alikosa ruhusa ya kuitoa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, karatasi ya ukutani iwe na safu ya pili, na kando ya kila alama iandikwe sababu moja, hata kama ni fupi. Pili, mjadala wa Jumamosi uwe wazi kwa Kiingereza na Kiswahili, na akikwama mtu asaidiwe, asichekwe. Tatu, wadogo waanze kusema kabla yetu, ili wasitunakili.

Jumamosi ijayo, umeme ukiwapo, tutaonyeshwa The Devil in the Dark, ile ya mama anayelinda mayai yake ndani ya mgodi. Nimemwomba kijana wa Kidato cha Kwanza afungue mjadala. Amesema atafikiri. Naomba wenzangu mje, na mje na sababu.

Ni mimi,
Mwanachama wa Chama cha Sayansi,
Kidato cha Tatu