Kigoma Haihitaji Mgeni Mwenye Haraka

Ipo imani iliyoota mizizi kuanzia meza za maofisa hadi vijiwe vya kahawa vya Mwanga na Ujiji: kwamba baiskeli ni chombo cha mtu aliyekosa pikipiki, na kwamba mgeni mwenye fedha zake hawezi kuja Kigoma kunyonga pedeli. Kwa imani hiyo, utalii wetu unapimwa kwa mambo mawili tu, ndege zinazotua na kasi ya boti ziendazo Hifadhi ya Gombe. Kijana anayepita Rusimbi akisukuma baiskeli iliyolemewa na madumu ya mawese anaonekana kuwa ushahidi wa kuchelewa kwetu, jambo la kufichwa mgeni asilione. Imani hiyo ni potofu, tena ni ya gharama, maana inatufanya tutafute mbali tunu iliyo mlangoni.

Tutazame Ufaransa, nchi ambayo hakuna awezaye kusema imekosa magari au treni za kasi. Kando ya mto Loire iko njia ya baiskeli ya kilomita zipatazo 900, inayopita mashamba ya mizabibu, makasri ya wafalme na miji midogo hadi Bahari ya Atlantiki. Huko Bourgogne iko nyingine fupi, kutoka Beaune hadi Santenay kupitia vijiji vya Pommard, Volnay na Meursault. Volnay inasifika kwa mvinyo mwekundu. Meursault, inayopakana nayo, kwa mweupe. Mwenye gari huvimaliza vijiji hivyo kwa dakika chache asijue kwamba udongo umebadilika chini yake. Mwenye baiskeli huona mteremko unavyogeuka, huuliza, huonja, hununua. Ndiyo maana watu wenye uwezo wa kukodi gari lolote huchagua tandiko la baiskeli. Wala njia hizo hazikujengwa zote upya. Nyingi zilirithiwa: kingo za mifereji ambako zamani farasi walikokota mashua, na reli zilizoachwa, kama ile ya kati ya Givry na Cluny iliyofunguliwa kwa baiskeli na waenda kwa miguu mwaka 1997.

Msingi wa hoja ni mwendo. Mgeni mwenye haraka hulipa anakoanzia na anakoishia. Mgeni wa polepole hulipa njiani. Mpanda baiskeli husikia njaa kila baada ya saa chache, jua likimzidi hutafuta kivuli na kinywaji, na giza likiingia hutafuta kitanda hapo hapo kijijini. Linganisha na safari ya kawaida ya Gombe: mgeni hushuka kwenye ndege, hupanda boti, huwatazama sokwe mtu ambao dunia imewajua kwa kazi aliyoianza Jane Goodall mwaka 1960, kisha huirudia ndege yake. Hakuna ubaya katika safari hiyo, na ada yake husaidia kulinda msitu. Lakini Gombe ni hifadhi ndogo, haiwezi kubebeshwa wageni bila kikomo. Na muuza migebuka wa Ujiji hapati hata senti ya mgeni ambaye hakupita mbele ya meza yake.

Kinachotakiwa kwa sehemu kubwa tayari kipo. Kutoka stesheni ya mwisho ya Reli ya Kati, iliyofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914, hadi Ujiji ni chini ya kilomita 10, kupitia Mwanga na Rusimbi. Ujiji ina miembe mikongwe ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, na mnara wa kumbukumbu ya Livingstone, aliyekutwa hapo na Stanley mwaka 1871. Gari hukupeleka mnarani na kukurudisha. Baiskeli hukupitisha katika mji wenyewe, ambao ulikwisha kuwa kituo cha biashara kabla wasafiri wa Kizungu Burton na Speke hawajaufikia mwaka 1858. Mbele yake liko bonde la mto Luiche, kisha Simbo, kisha Ilagala, mahali mto Malagarasi unapokaribia kuingia ziwani. Hiyo ni nchi ya michikichi, na kazi yote ya mawese iko wazi machoni: mikungu inayokatwa juu ya mti, chikichi zinazochemshwa, mashine zinazokamua, mafuta mekundu yanayojazwa madumuni. Anayetaka mbali zaidi ana Uvinza, ambako chumvi imechemshwa kutoka maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Na tairi likipata pancha, mafundi baiskeli wako kando ya barabara, kwa sababu wenyeji wenyewe wanawahitaji kila siku.

Watasema mvinyo una jina, mawese hayana. Ni kweli, lakini jina la mvinyo limekuzwa pia na wakulima waliofungua milango ya maghala yao na kueleza kazi yao. Tangu mwaka 2018 Serikali imelisukuma kwa nguvu zao la chikichi, ila mazungumzo yamekuwa zaidi ya miche na lita. Shamba laweza kuuza pia maarifa. Watasema jua na milima. Rwanda haina tambarare nyingi, lakini imetandaza njia ya zaidi ya kilomita 200 kando ya Ziwa Kivu kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Watasema hizi ni anasa za Wazungu matajiri. Historia inakataa: mwaka 1936, wafanyakazi wa Ufaransa walipopata kwa sheria wiki mbili za likizo yenye malipo, wengi waliondoka kwa baiskeli kwa sababu hawakuwa na gari. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28. Mwalimu wa Kasulu na karani wa Tabora nao ni watalii, kama tukikubali kuwaona hivyo.

Pingamizi lenye uzito ni la usalama. Mabasi na malori hayampi mpanda baiskeli nafasi, na hakuna mgeni atakayelipia hofu. Lakini hatari hiyo leo anaibeba nani? Anaibeba kijana wa madumu ya mawese. Ukingo mpana wa lami au njia ya pembeni ingemhudumia yeye kwanza, kila siku ya mwaka, na mgeni baadaye. Kwa hiyo Manispaa ya Kigoma Ujiji na halmashauri jirani ziiweke njia ya baiskeli katika kila barabara inayojengwa au kukarabatiwa, ziweke alama kutoka stesheni hadi Ilagala, zikubaliane na wakamuaji wa mawese ada ya kutembelewa, na ziwafundishe vijana wanaozijua njia hizo kazi ya kuongoza wageni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri ndege nyingine itue. Yanasubiri viongozi waache kuionea haya baiskeli.