Ukipanda ndege, toa hivyo vidude masikioni

Ukiwa JKIA usiku, saa za ndege za Uarabuni, utawaona tu. Wasichana kumi, kumi na watano, wamesimama pamoja wakiwa na fulana za rangi moja zenye jina la ajenti. Kila mmoja amekumbatia faili ya plastiki yenye pasipoti na mkataba. Kuna aliyevaa sweta mbili kwa sababu ameambiwa ndani ya ndege kuna baridi. Na sisi wengine, tuliopata udhamini wa masomo au tunaoenda kutembea, huwa tunafanya nini? Tunasogea kando kidogo. Tunachomeka vidude masikioni na kujifanya tuko bize na simu.

Usikatae. Mimi nimefanya hivyo, na ndiyo maana ninakuandikia.

Mwaka jana nilikuwa nikienda Ujerumani kupitia Doha. Aliyeketi kando yangu alikuwa mmoja wa hao wasichana. Alitoka Webuye, na hilo nililijua tu kwa kuwa nilimsikia akimwambia mamake kwa simu kwamba salamu zifike Webuye yote. Alipokata simu akanigeukia: “Dada, hiki kinafungwaje?” Nikamwonyesha mkanda, nikatabasamu, nikarudisha muziki wangu. Chakula kilipoletwa akakataa kwa kichwa. Nilielewa baadaye sana, wakati sahani zilikuwa zimeshaondolewa, kwamba alidhani kinauzwa. Safari ni ya kama saa tano. Tulipokaribia kutua akaniuliza, “Doha ndiyo Saudia?” Nikamjibu hapana, utabadilisha ndege. Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote.

Ndani ya uwanja wa Hamad kuna dubu mkubwa wa manjano aliyetobolewa na taa kichwani, sanamu ambayo kila Mkenya anayepita hapo lazima aipige picha. Nami nilikuwa nimesimama hapo natafuta pembe nzuri ya selfi. Nikamwona ng’ambo ya pili, faili kifuani, simu mkononi, akiangalia ubao wa ndege kama mtu anayesoma lugha ya wenyewe. Tukaangaliana. Nilimpungia mkono. Nilikuwa na saa nne za kungoja ndege yangu, nisikudanganye kwamba nilikuwa na haraka.

Sikumuuliza jina.

Sasa ngoja nikueleze kilichonipata siku iyo hiyo. Nilitua Frankfurt, nikashuka kwenye stesheni ya treni za masafa iliyo papo hapo uwanjani, nikapanda ile ya kasi inayoelekea Köln. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka wa 2002 na treni hufika kilomita 300 kwa saa. Unaona tu miti ikigeuka kuwa rangi. Nilikuwa na furaha ya kitoto, nikampigia mamangu nimpe stori, na unajua sisi tunavyoongea na mama zetu kwa simu: kana kwamba tunataka wasikie bila simu.

Watu wakaanza kunitazama. Mzee mmoja akanielekezea kidole kwenye mchoro wa dirishani. Sikuelewa. Ndipo mwanamume wa makamo aliyekaa nyuma yangu akainama akaninong’oneza, “Dada, huku banakatazaka kelele. Twende kule ku mulango.”

Manze, nilikaribia kulia. Kumbe nilikuwa nimeketi kwenye behewa la watu wanaotaka kimya. Tulitoka tukasimama karibu na mlango, pale masanduku yanapowekwa, na jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa, “Jina yako njo nani?” Kwao ni Lubumbashi. Kiswahili chake kilinichekesha, na changu kilimchekesha zaidi. Alisema naongea kama redio. Sisi Wakenya tumezoea kujidharau mbele ya Mtanzania na kumcheka Mkongomani, lakini siku hiyo, kwa lugha hiyohiyo ya “banakatazaka”, nilisaidiwa kuliko nilivyowahi kusaidiwa na Kiingereza changu cha shule.

Maana aliniuliza pia nashukia wapi. Nikamwambia Köln, nitangoja waitangaze stesheni kuu. Akatikisa kichwa. Treni nyingi za njia hiyo haziingii stesheni kuu, zinasimama Messe/Deutz, ng’ambo ya huku ya mto Rhine. Ningekaa kitako nikingoja jina ambalo halingetangazwa, nijikute Düsseldorf. Tukashuka pamoja, tukavuka mto kwa treni ndogo kwa dakika chache tu, akanionyesha ilipo ya kwenda Aachen, kisha akaenda zake. Hakuwa akielekea stesheni kuu, na hilo alilisema wakati tayari tunaagana.

Nilipoketi kwenye treni ya Aachen ndipo nilipomkumbuka wa Webuye. Yeye alikuwa na mtu wa nchi yake, kiti kwa kiti, kwa saa tano nzima, na mtu huyo alikuwa anasikiliza Burna Boy.

Kwa nini tunafanya hivi? Nimefikiria sana, na jibu langu halipendezi. Si uchovu, si haya. Tunaogopa kuhesabiwa nao. Msichana wa Kenya akisafiri peke yake maafisa humuuliza maswali mara mbili mbili, kwa hivyo anajitahidi aonekane si “wale”. Anachapa luku, anaongea Kiingereza cha puani, anasimama mita tatu kutoka kwa dada zake. Wengine wetu hata huwarekodi wakihangaika na ngazi za umeme, video inapostiwa, watu wanacheka. Lakini wewe mwenyewe ukifika Frankfurt utahangaika vilevile. Mashine ya tiketi haijui kwamba ulilipa yuro 90 za viza ukasimamiwa na mjomba kwenye akaunti ya benki.

Utaniambia ni hatari kuzoeana na watu safarini. Hapo nakubaliana nawe, tena kabisa. Usimbebee mtu mzigo, hata kama ni nyanya anayekuomba umshikie kibegi aende msalani. Usimpe mtu pasipoti yako. Watu wamefungwa miaka mingi kwa sababu ya mikoba isiyokuwa yao. Ila kumwambia mtu kwamba chakula cha ndege kimeshalipiwa si mzigo.

Na kwa hawa wanaoenda kufanya kazi za nyumbani, maneno machache yanaweza kuwa na uzito usioufikiria. Chini ya mfumo wa kafala, kibali cha mfanyakazi kuishi huko kimefungamanishwa na mwajiri wake. Saudi Arabia ilipolegeza masharti hayo Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani hawakujumuishwa. Wengi wakifika hunyang’anywa pasipoti, wengine hata simu. Kwa hivyo hizo saa chache za Doha zinaweza kuwa ndizo za mwisho ambapo simu ni yake na intaneti ni ya bure. Hapo ndipo wewe, mjuaji wa mitandao, ungemsaidia kupiga picha pasipoti na mkataba, kila ukurasa, na kumtumia mamake. Ungemtafutia nambari ya ubalozi wetu Riyadh, aiandike kwenye karatasi, aiweke mahali pasipo na simu. Ni kazi ya dakika kumi. Mimi nilizitumia kwa dubu.

Kuhusu Ujerumani, foleni nayo inakuja. Septemba 2024 Kenya na nchi hiyo zilitia saini mkataba wa kufungulia milango Wakenya wenye ujuzi wanaotaka kufanya kazi huko. Kuna vijana wanaokariri Kijerumani usiku kucha Nairobi na Eldoret hivi tunavyoongea. Watatua Frankfurt wakiwa na cheti cha lugha na bila kujua kwamba Köln ina stesheni mbili. Ukiwa umetangulia, nadhani unajua la kufanya.

Wakati wa kurudi nilipita Doha tena. Aliyekaa kando yangu safari hii alikuwa mama wa miaka kama arobaini, blanketi la dukani limefungwa kwa kamba miguuni pake. Vidude vyangu vilikuwa ndani ya mkoba. Nikamwambia jina langu, nikamuuliza lake. Akaniangalia kwanza, kama mtu anayepima, kisha akanitajia. Miaka minne alikuwa hajakanyaga nyumbani.

“Niambie kitu kimoja,” akasema. “Pakiti ya unga siku hizi ni pesa ngapi?”

Nikamwambia. Akashtuka, akapiga paja, na hatukunyamaza tena hadi tulipoona taa za Athi River.